Ukichangisha cha kwako, mtaje na mwenzako



Dominika hii fungua Waraka wa Pili wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorinto, sura ya 8 na ya 9. Wengi tunazifahamu sura hizi kwa sababu parokia ikitaka kuezeka kanisa, ndizo husomwa. Hapo Paulo anachangisha fedha kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu, na anachangisha bila kuzungukazunguka: anawakumbusha Wakorinto ahadi yao ya mwaka uliotangulia, na anawahimiza waimalizie.

Lakini tazama anachofanya katikati ya kuomba. Anawasifu Wakristo wa Makedonia, ambao walitoa kupita uwezo wao ingawa walikuwa maskini. Anamsifu Tito kwa bidii yake. Anamsifu ndugu mwingine, asiyemtaja jina, anayesifika katika makanisa yote kwa kazi ya Injili. Kisha anamsifu na wa tatu, ambaye bidii yake imepimwa mara nyingi. Ukifika sura ya 9 unagundua kwamba kule Makedonia nako alikuwa akiwasifu Wakorinto. Mtu aliyekuja kuomba anatumia mistari mingi kuwapigia debe watu wengine.

Nimezirudia sura hizi kwa sababu ya jambo dogo la huku Pemba. Mara kwa mara natoka Wete kwenda Shumba, upande wa Micheweni. Wakristo wa huko ni wachache: walimu, askari na watumishi wengine wa serikali waliohamishwa kutoka bara. Mmoja wao ni mwalimu wa skuli, na kupitia kwake nimefahamiana na mwalimu mwenzake, kijana Mwislamu, mzaliwa wa Shumba. Kijana huyu ameandika riwaya ya kifantasia, yaani hadithi ya dunia isiyokuwapo. Ndani yake msichana anayelima mwani na mama yake anagundua kwamba chini ya mwamba kuna nchi nyingine, yenye mfalme wake, sheria zake na dhuluma zake. Mswada ni wake, na ameuandika usiku baada ya kusahihisha madaftari. Fedha ya kuuchapa hana.

Basi anachangisha. Anatuma ujumbe kwa simu kwa ndugu, kwa aliosoma nao chuoni na kwa wazazi wa wanafunzi. Anawaambia: lipia nakala yako sasa, nikichapa nitakuletea. Hilo halina ajabu. Ajabu ni kwamba kila ujumbe wake unaanza kwa kutaja vitabu viwili vya watu wengine: riwaya ya mwanamke mmoja wa Unguja na ya kijana mmoja wa Tanga, wote wawili waliojichapia wenyewe hadithi za aina hiyohiyo. Anaeleza kila kimoja kinasimulia nini, kina uzuri gani na kinapatikana wapi. Habari ya kitabu chake inakuja mwisho.

Mwenzake wa skuli aliona kichekesho. Akaniambia, "Padre, huyu bwana anafungua duka halafu anawaelekeza wateja kwa jirani. Mwenye elfu kumi moja atainunua ya yule wa Unguja, na yeye atabaki na mswada wake." Nilimuuliza kijana mwenyewe. Alijibu kwa upole, kama walivyo watu wa huku: "Padri, mie nilijifunza kwa vitabu vyao. Nikivificha ili changu kionekane, nitakuwa nimeanza kazi hii kwa uongo."

Sitavitaja vitabu hivyo kwa majina. Kati ya vitatu nimesoma kimoja tu, na kanuni nitakayoieleza mbele inanizuia kusifu nisichokisoma.

Hoja ya yule mwalimu si ya kipuuzi. Sisi Watanzania tunajua kuchanga. Tunachangia harusi, kipaimara, msiba, matibabu na ada ya mtoto. Kitabu bado hakijaingia katika orodha hiyo, na anayekiombea mchango huonekana kama mtu aliyekosa kazi. Mchapaji naye anafanya kazi kwa hesabu. Kutayarisha mashine kwa nakala 100 kunakaribia gharama ya kuitayarisha kwa nakala 1,000, kwa hiyo nakala zikiwa chache, kila moja inakuwa ghali. Anataka malipo ya awali kabla hajagusa karatasi. Mzigo ukishatoka Dar es Salaam, kuna nauli ya boti hadi Pemba. Mwandishi wa kijijini anayesubiri nakala mia zilipiwe anahesabu kila shilingi. Kumpeleka mnunuzi kwa mwingine kunamgharimu kweli.

Tena tuna methali mbili zinazomwambia asifanye hivyo. Ya kwanza inasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ya pili inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya kwanza inaeleza tabia yetu ilivyo. Haituamuru tuwe hivyo. Ya pili ni kweli sokoni, ambako mnunuzi anaminya embe na kulinusa. Kitabu hakinuswi. Mpaka ukisome hujui kama ni kizuri, na ili ukisome lazima mtu unayemwamini akuambie kwamba kipo. Kitabu cha mwandishi asiye na kampuni wala duka hakina miguu isipokuwa ulimi wa msomaji, na msomaji wa kwanza wa riwaya kwa kawaida ni mwandishi mwingine.

Hapa nataka tumwangalie mtu ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 11 Juni, Mtakatifu Barnaba. Anaingia katika Matendo ya Mitume, sura ya 4, akiwa mchangiaji: aliuza shamba lake na kuiweka fedha miguuni pa mitume. Katika sura ya 9 anafanya mchango wa aina nyingine. Sauli amekuja Yerusalemu, wanafunzi wote wanamwogopa kwa sababu ya mateso aliyowatesa, na hakuna anayesadiki kwamba ameongoka. Barnaba anamchukua, anampeleka kwa mitume, anaeleza yaliyompata Sauli. Kwa lugha ya leo, alimdhamini kwa jina lake mwenyewe. Na katika sura ya 11 anasafiri mpaka Tarso kumtafuta Sauli ili amlete Antiokia wafanye kazi pamoja.

Sasa fuatilia majina yao. Mwanzoni mwa sura ya 13 Luka anaandika Barnaba kwanza, Sauli baadaye. Kabla sura hiyohiyo haijaisha, mpangilio umegeuka, Paulo ndiye anatangulia. Yule aliyedhaminiwa amempita mdhamini wake, na hakuna mahali tunaposoma kwamba Barnaba alinung'unika. Baadaye wanagombana, lakini ugomvi si wa cheo. Paulo hataki kumchukua tena kijana Marko aliyewahi kuwaacha njiani. Barnaba anamshika mkono kijana huyo aliyekataliwa na kuondoka naye kwenda Kipro.

Ndugu msomaji, hesabu matunda yake. Katika Agano Jipya hakuna kitabu chenye jina la Barnaba. Lakini kuna nyaraka za Paulo, na kuna Injili ambayo mapokeo ya Kanisa yanampa Marko. Waandishi hao wawili walishikwa mkono na mtu mmoja wakati ambapo wengine waliwatilia shaka. Barnaba hakuandika, akatupatia nusu ya rafu.

Kinachotuzuia tusiwe kama yeye kina jina la kale: kijicho. Kinauma zaidi kati ya watu wa kazi moja. Fundi cherehani hamwonei wivu mvuvi, humwonea fundi wa mtaa wa pili. Shaaban Robert wa Tanga alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze, hadithi ya kifantasia iliyotoka mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Wanamtupa baharini ndugu aliyewatendea mema, na kwa ajili ya hayo wanageuzwa manyani. Mwaka mmoja kabla, katika Kusadikika, nchi inayoelea hewani, alimwonyesha Karama, aliyeshtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea namna gani? Anatumia muda wake kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao wakarudi na kuishia kuadhibiwa. Roho yake mwenyewe imo hatarini, naye anazungumza juu ya wengine. Na anashinda.

Na Shaaban Robert mwenyewe alijua taabu ya kuchapisha. Ilimbidi kuanzisha uchapishaji wake pale Tanga, na alipofariki mwaka 1962 aliacha miswada ambayo hakuiona ikiwa vitabu, miongoni mwake Kufikirika na Utubora Mkulima. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu naye alihitaji mtu wa kumbebea kazi yake. Siku hizi wapo waandishi wa riwaya waliotambua hivyo wakaungana, kama wale wa Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, UWARIDI. Ni jambo jema. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kujiuliza: padre anasifu hadithi za majini na nchi za chini ya bahari, tena kutoka Pemba, kisiwa ambacho watu wa bara hawachoki kukizushia habari za uchawi? Nawajibu kwa utulivu. Kuamini uganga ni jambo moja, na kusimulia ngano ni jambo jingine. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikusanya ngano za Waswahili zikachapwa London mwaka 1870. Ndani yake kuna sultani wa nyoka, na kuna nunda mla watu. Hakuona kwamba zinamharibia imani. Sisi Wakatoliki tunaye J.R.R. Tolkien, yatima aliyelelewa chini ya usimamizi wa padre mmoja wa Birmingham, Padre Francis Morgan, na aliyeishika imani yake mpaka kufa. Huyo ndiye aliyeandika The Lord of the Rings, riwaya ya kifantasia inayojulikana kuliko nyingine zote.

Kisa chake kinarudi kwenye mada yetu. Tolkien alikuwa na rafiki pale Oxford, C.S. Lewis, Mwanglikana. Mwaka 1937 kitabu cha kwanza cha Tolkien cha aina hii, The Hobbit, kilipotoka, Lewis alikiandikia sifa gazetini. Muda mfupi baadaye Lewis alikuwa na riwaya yake ya safari ya sayari nyingine, iliyokwisha kukataliwa na mchapishaji mmoja. Tolkien akaandika barua kwa mchapishaji wake mwenyewe kuitetea, na mwaka 1938 ikachapwa. Kwa miaka mingi walisomeana miswada yao sura kwa sura, na Tolkien alikiri baadaye kwamba bila kutiwa moyo na Lewis asingeimaliza kazi yake kubwa. Hawakupenda kila kitu. Vitabu vya Lewis vya Narnia, Tolkien hakuvipenda. Urafiki wao haukumlazimisha kujifanya anavipenda.

Hayati Papa Fransisko naye, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, aliwataka mapadre na Wakristo wote wasome riwaya na mashairi, kwa kuwa huko tunajifunza kusikia sauti ya mtu mwingine. Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 1965, akiwa Mjesuiti kijana ambaye hajapewa upadre, akifundisha fasihi Santa Fe, Argentina, alimwalika darasani Jorge Luis Borges, bingwa wa hadithi za ajabu. Wanafunzi wakaandika hadithi zao, na Borges, mwenye jina dunia nzima, akaziandikia dibaji zilipochapwa. Hakupungukiwa chochote.

Hata hivyo nina maonyo mawili, na yote yamo katika zile sura mbili za Paulo.

La kwanza ni kuhusu sifa. Paulo aliwaambia Wakorinto wazi: nimewasifu kwa Wamakedonia, sasa wakija wakawakuta hamko tayari, tutaaibika sisi na ninyi. Aliyesifu ameweka rehani uaminifu wake. Hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Mmoja anamwambia mwenzake, nisifu nikusifu, na wote wawili hawajafungua kitabu cha mwingine. Huko ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, na anayeumia ni msomaji aliyetoa fedha yake. Upatu wa fedha ni jambo la haki, leo zamu yako, kesho yangu. Sifa hazichezewi upatu. Ukiwa mwandishi, msifu uliyemsoma, sema kwa nini, na sema pia kama ni rafiki yako. Kitabu kikiwa na sehemu iliyolegea, iseme kwa adabu. Sifa yenye ukweli mdogo wa uchungu ndani yake huaminiwa zaidi.

La pili ni kuhusu fedha. Paulo hakubeba mchango peke yake. Aliwaweka ndugu waaminifu asafiri nao, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu, na alitaka mambo yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Anayechangisha kwa ajili ya kitabu afanye vivyo hivyo. Aseme anahitaji kiasi gani, amepata kiasi gani, kitabu kitatoka lini, na fedha isipotimia atarudisha vipi. Awe na daftari na awe na shahidi. Kitabu kimoja kilichochangiwa kisitokee kinafunga milango ya waandishi kumi wanaokuja nyuma yake, hata kama wao ni waaminifu.

Mtu anaweza kusema kumtaja mwenzako ni anasa ya aliyekwisha kushiba. Machi 2022 Mmarekani Brandon Sanderson, mwandishi wa riwaya za kifantasia, aliwaomba wasomaji kupitia mtandao wa Kickstarter walipie kabla riwaya nne alizoziandika kimyakimya wakati wa Uviko. Watu zaidi ya 185,000 wakatoa zaidi ya dola milioni 41. Mwezi huohuo naye akachangia miradi zaidi ya 300 ya vitabu vya watu wengine katika mtandao uleule. Alifanya vizuri, nami nampongeza. Lakini Bwana wetu, alipokaa kuelekea sanduku la sadaka hekaluni, aliwaona matajiri wakitia nyingi, akawaita wanafunzi wake ili wamtazame mjane mwenye senti mbili. Mwandishi anayemtaja mwenzake kabla hajapata hata nusu ya fedha ya mchapaji anatoa katika upungufu wake, na Mungu anajua uzito wa toleo hilo.

Nimeambiwa pia kwamba Paulo hakujiombea, aliwaombea maskini, kwa hiyo mfano haufai. Nakubali tofauti hiyo ipo. Kuomba kwa ajili ya kazi ya mikono yako mwenyewe ni kugumu zaidi, kwa sababu jina lako limo juu ya jalada na nafsi inakutaka ulipandishe. Kwa sababu hiyohiyo dawa inahitajika zaidi. Kumtaja mwenzako kwa haki, mahali ambapo ungeweza kunyamaza, ni zoezi la kiroho kama kufunga. Linamkumbusha mwandishi kwamba kipaji ni zawadi, na Mgawaji hakukosea alipompa na jirani. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Yoshua alimtaka Musa awakataze Eldadi na Medadi wasitabiri kambini. Musa akamuuliza kama anamwonea wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Kiongozi aliyetulia moyoni haogopi sauti ya pili.

Kwako wewe usiyeandika, ndugu msomaji, kazi ni nyepesi lakini ipo. Wiki hii ukiletewa ujumbe wa mtu anayeombea kitabu chake mchango, usiufute kabla hujausoma. Ukiweza, lipia nakala moja. Usipoweza, mwambie ukweli, usimwahidi. Ukishakisoma, zungumza nacho barazani, katika jumuiya ndogo ndogo au kazini, kwa uzuri wake na kasoro zake. Na katika kazi yako mwenyewe, uwe muuguzi, fundi, mama ntilie au mwalimu, mtafute mtu mmoja wa kazi hiyohiyo ambaye unajua ni hodari na hujawahi kulisema hilo mbele ya watu. Lisema wiki hii, mbele ya wateja wako, kisha angalia moyoni mwako ni kitu gani kinachouma. Hicho ndicho cha kumpelekea Mungu katika sala.

Nawatakia Dominika njema.